Kilo Arobaini na Tisa

Kazi yangu ni kukisia. Kwenye karatasi za hospitali nimeandikwa mtaalamu wa lishe, na wenzangu wodini wananiita Mama Kalori, jina nililolizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini ukiniuliza nafanya nini kutwa nzima, nitakwambia nakisia. Mtu amelala hajitambui, hatafuni, hasogezi hata kidole, na bado mwili wake unakula. Moyo unapiga, ini linachapa kazi, joto linatengenezwa, na vyote hivyo vinataka chakula. Mimi ndiye ninayesema ni kiasi gani, kisha nesi anakipitisha kwenye mrija wa puani. Nikisema kingi mno, sukari inapanda na mapafu yanahangaika. Nikisema kidogo mno, mwili unaanza kujila wenyewe, na hauanzi na mafuta peke yake kama watu wanavyodhani. Unakula misuli.

Kwa mtu wa kawaida, kukisia si kazi kubwa. Kwa mtu mnene kupita kiasi, fomula zinagombana kama mawifi. Moja inataka uzito wake halisi. Nyingine inataka uzito ambao angekuwa nao kama angekuwa vile vitabu vinavyopenda. Ya tatu inachukua kati na kati, ikijifanya msuluhishi. Nimeshaona mgonjwa mmoja akipewa majibu manne, na kati ya jibu la chini na la juu kuna milo miwili mizima. Na ile fomula tunayoitumia sisi, ambayo naiamini mpaka leo, inaanza na swali lilelile ambalo hata mtoto angeuliza: ana kilo ngapi?

Fundi saa aliletwa Jumatatu asubuhi, nimonia imeshika mapafu yote mawili, na kabla ya saa sita mchana alikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Nilimjua kwa sura. Kibanda chake kilikuwa pembeni ya duka la dawa, kidogo, na yeye akikaa ndani yake haibaki nafasi hata ya nzi. Wateja walikuwa wakimtania kwamba hakukiingia kile kibanda, alikivaa. Walimwita Bonge, naye aliitika bila kinyongo, huku vidole vyake vimeshika skrubu ambazo mimi hata miwani nikivaa sizioni. Kama jina lile lilimuuma, hakuwahi kumwambia mteja.

Mizani ya wodi yetu inaishia kilo mia na hamsini. Kile kitanda chenye mizani, ambacho tuliletewa kwa hotuba na kupigwa picha, kilikuwa kimeharibika tangu mwaka uliopita, na juu yake tulikuwa tunapanga maboksi ya glavu. Kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nilitoka na faili kwenda kuwauliza ndugu.

Walikuwa wamesimama kwenye korido. Mkewe, mwanamke mdogo wa umbo, mshonaji, alikuwa ametoka mbio na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Kando yake kaka mkubwa wa mgonjwa, dereva mstaafu wa malori, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Nyuma yao shemeji wengine watatu au wanne, wamekunja mikono. Yule kaka alikuwa anaongea, wala hakuacha niliposogea.

"Mimi nilimwambia. Miaka yote nilimwambia, punguza kula, punguza kula. Mtu anabeba watu watatu mwilini, mapafu yatamudu wapi?"

"Mama," nikamwuliza mke, "mumeo ana kilo ngapi?"

"Mia na sitini."

Alinijibu macho makavu, bila kufikiri. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mtu anayejua kweli uzito wa mwenzake husita kidogo, hukumbuka ilikuwa lini na wapi, huuliza kama ni pamoja na nguo. Jibu lile lilitoka kama jina lake mwenyewe.

"Mnasikia," kaka akasema kwa wenzake. "Mia na sitini, mtu mmoja."

Nikaandika. Umri hamsini na mmoja, urefu sentimita mia na sabini na mbili, kilo mia na sitini. Kikokotoo kikanipa kalori elfu mbili mia nne na ishirini na tano kwa siku, hizo ni za kulala tu. Hospitalini kwetu mgonjwa mnene sana hupewa asilimia sabini ya hesabu, tukitegemea mafuta yake yajazie iliyobaki, mradi protini iwe ya kutosha. Ikawa elfu moja na mia saba. Protini nayo nikaipima kwa uzito uleule. Daktari bingwa wa chumba cha mahututi akapitisha macho, akaweka sahihi, akasema, "Huyu hata tukichelewa kidogo hana shida. Ana akiba ya mwaka mzima."

Nilicheka. Sitaki kujifanya hapa. Nilicheka, na nesi akacheka, na ule utani ukaingia kazini. Mrija ukifungwa ili apelekwe kupigwa picha ya kifua, hakuna aliyekimbilia kuufungua. Ukiziba, unasubiri zamu ijayo. Kwa mgonjwa mwembamba wa kitanda cha pili walikuwa wananipigia simu mpaka nyumbani. Kwa fundi saa hakuna aliyenipigia. Siku nyingine kati ya hizo elfu moja na mia saba zilimfikia elfu moja, na mimi niliona kwenye chati nikasema kesho tutafidia.

Siku ya tano tukapata mashine ya kupima pumzi. Ilikuwa ya hospitali nyingine, tunaiazima siku mbili kila mwezi, na mimi huingoja kama mgeni wa heshima. Haikisii. Unaiunganisha kwenye bomba la mashine ya kupumulia, unamwacha mgonjwa atulie nusu saa bila kuoshwa wala kugeuzwa, nayo inapima hewa anayovuta na hewa anayotoa, kisha inakwambia mwili unachoma kiasi gani. Nilikaa kwenye kiti pembeni yake nusu saa nzima, nikimfukuza kila aliyetaka kumgusa.

Ikasema elfu mbili mia tisa na themanini.

Nikaangalia fomula yangu, ile elfu mbili mia nne na ishirini na tano, nikaangalia kioo cha mashine. Tofauti ya kalori mia tano na zaidi. Kuna njia mbili za kusoma tofauti kama hiyo. Ya kwanza ni kwamba mashine ina kasoro: bomba linavuja, kipimo hakikusawazishwa, aliyeifungasha aliitikisa njiani. Ya pili ni kwamba mimi nimeanza na namba mbaya. Miaka ishirini na miwili kazini, na ningeapa kwamba mimi si mtu wa kiburi. Nilichagua ya kwanza. Nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko mzuri, "Kipimo hakiaminiki, huenda kuna uvujaji," nikaipeleka mashine kwa mgonjwa mwingine. Nilikuwa na siku moja zaidi ya kurudia kipimo kile. Sikurudia.

Mkewe alikuwa anakuja kila siku saa ya kuona wagonjwa, mchana. Wengine huongea na wagonjwa wao, huomba, hulia. Yeye alikuwa anamshika mkono tu. Siku ya kumi na moja akaniita nikiwa napita.

"Dada, njoo uone. Huu si mkono wake."

Nilikuwa na haraka, lakini nikaenda. Akanionyesha pale kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali ambapo mtu mzima ana kinundu cha nyama. Kwa fundi saa palikuwa pamebonyea. Tumbo lilikuwa vilevile, mlima chini ya shuka, na mapaja yalikuwa vilevile. Ndiyo maana hakuna aliyeona. Wodi nzima tulikuwa tunatazama mlima, na yeye peke yake alikuwa anatazama mkono.

"Hapa ndipo alipokuwa anashikilia koleo," akasema. "Palikuwa pagumu kama soli. Anakonda, dada. Mtu anakondaje na tumbo lile?"

Nikamwambia ugonjwa unachosha misuli, ni kawaida, asiwe na wasiwasi. Maneno ya kumpoza. Lakini nikarudi ofisini nikijua ile haikuwa kawaida.

Siku ya kumi na tatu wakajaribu kumtoa kwenye mashine. Mapafu yalikuwa yameanza kusafika, na hiyo ilikuwa habari njema ya kwanza. Alikuwa macho. Aliambiwa akohoe, akajaribu. Niliona kifua kikijikusanya na kisitoe kitu, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa nje. Dakika arobaini, midomo ikaanza kubadilika, wakamrudisha. Daktari bingwa akavua glavu, akasema nguvu za kupumua hazipo. Hakufanya utani siku hiyo.

Nilitoka nje kupata hewa. Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, hajapewa habari bado, anashona vifungo kwenye shati. Alikuwa ameambiwa asubuhi kwamba leo huenda akatolewa mashine, naye kichwani mwake kutolewa mashine na kurudi nyumbani vilikuwa kitu kimoja. Shati jipya, la bluu, la kurudia nyumbani. Lilikuwa limetandazwa magotini, likavuka magoti, likavuka benchi, na ncha ya chini amelazimika kuishika isiguse sakafu.

Mimi si mshonaji. Lakini nimepima viuno vya watu miaka ishirini na miwili, na macho yangu yanajua. Lile shati halikuwa la mtu wa kilo mia na sitini.

Nikakaa kando yake. "Mdogo wangu, shati hili ni la nani?"

"La baba watoto. La nani tena?"

"Lina kipimo gani tumboni?"

Sindano ikasimama. Hakuniangalia. Akaendelea kuukandamiza uzi kwa kidole, pale pale, muda mrefu.

"Mia mbili na tisa," akasema mwishowe.

"Sentimita?"

"Kilo, dada."

Akanieleza taratibu, akizungumza na lile shati. Kila mwaka, Jumapili moja, walikuwa wanakwenda kwenye ghala la nafaka, siku ambayo wachukuzi hawapo. Mlinzi alikuwa rafiki, alishatengenezewa saa. Fundi alikuwa anapanda kwenye mizani ya magunia, mkewe anasoma, na yeye anasema, "Haya, mama, leo nauzwa jumla au rejareja?" Wanacheka mpaka mlinzi anacheka. Wakifika nyumbani hacheki tena. Mwaka ambao mizani ilivuka mia na sitini alikaa kitandani kwa siku mbili. Ndipo wakakubaliana: mbele za watu, mia na sitini, iwe mwaka gani, aulize nani. Mke mwenyewe alikuwa anamshonea nguo zote, hakuna fundi mwingine aliyewahi kumzungushia futi. Hata watoto walijua mia na sitini.

"Na yule kaka yake alikuwepo," akasema. "Unamjua alivyo. Angekwenda kutangaza kila nyumba. Ningesemaje pale? Nilimwahidi."

Nilikuwa nimeshainuka. Nilikwenda ofisini karibu ninakimbia, nikafungua kikokotoo, nikaweka mia mbili na tisa mahali pa mia na sitini. Elfu mbili mia tisa na kumi na tano. Mashine ilikuwa imesema elfu mbili mia tisa na themanini. Bomba halikuvuja. Nilikaa kama niliyemwagiwa maji. Siku nane zilikuwa zimepita tangu ile mashine inieleze, na mimi nikaibishia kwa mwandiko mzuri.

Siku hiyohiyo tukabadilisha kila kitu. Chakula kikapanda hadi kalori elfu mbili na ushei, protini ikapanda, na nikawatangazia manesi kwamba mrija wa fundi saa ukifungwa hata dakika kumi nataka kujua nani kaufunga na kwa nini. Nilikuwa mkali, wakanichukia wiki nzima. Sikujali. Nilikuwa naenda kumwona asubuhi, mchana na kabla ya kuondoka, nampima ule mkono kwa macho. Siku moja alinitazama, akainua kidole gumba kidogo. Nikaona kama kuna nyama inarudi. Nadhani niliiona kwa sababu nilitaka kuiona.

Misuli haijengwi kwa wiki. Siku ya ishirini nimonia ya pili ikaingia, ile inayowapata waliokaa sana kwenye mashine, na mtu asiye na nguvu ya kukohoa hana cha kuitoa nayo. Siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi, fundi saa akafariki. Mkewe, aliyeruhusiwa kuingia kabla ya saa ya kuona wagonjwa, alikuwa amemshika mkono uleule.

Nimezoea vifo, ni uongo kusema sijazoea. Hiki sijakizoea mpaka leo.

Nilimkuta kwenye lile benchi la ukumbini. Hakuwa analia bado. Akaniambia nikae.

"Dada, niambie ukweli. Wewe ndiye unayejua hizi hesabu. Zile kilo nilizopunguza, ndizo zilizomuua?"

Nilikuwa na jibu tayari la kitaalamu, kwamba mgonjwa mahututi ana mambo mengi, kwamba hakuna anayeweza kuthibitisha. Na ni kweli hakuna anayeweza. Lakini niliona nikimpa lile jibu ataenda nalo nyumbani, na usiku wa kwanza tu litakuwa limegeuka kuwa ndiyo.

"Sijui," nikasema. "Hakuna ajuaye. Ila sikiliza. Siku ya tano mashine ilipima pumzi zake ikaniambia anahitaji chakula kingi kuliko nilichoandika. Ningeweza kuja kukuuliza tena, sisi wawili, pembeni. Sikuja. Nilisema mashine ni mbovu. Na siku ya kwanza nilikuuliza mbele ya shemeji zako, kwenye korido, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Ningekuita ndani, ungenipa namba gani?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, kwa haki.

"Ningekupa ya kweli," akasema.

"Basi."

"Basi tuko wawili," akasema, na hapo ndipo akalia, na mimi nikalia naye, jambo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa nimevaa koti la kazi. Aliegemea bega langu kwa muda, kisha akajifuta kwa kiganja, akajikaza, kwa sababu shemeji zake walikuwa wanapanda ngazi.

Kaka mkubwa alitangulia. Alikuwa amezeeka ghafla, sauti yake ya lori imebaki nusu. Alikuwa na simu sikioni, anaongea na fundi wa majeneza. Alikuwa anajibu maswali kwa kifupi: ndiyo, kesho, mbao ngumu, ndiyo. Halafu akatulia kusikiliza.

"Anauliza urefu na uzito," akatuambia, kisha akarudi kwenye simu. "Urefu kama wangu hivi. Uzito, kilo mia na sitini."

Fundi wa upande wa pili akasema kitu, pengine kwamba anaandika. Mimi nikatazama sakafu. Haikuwa namba yangu ya kusema. Nilikuwa nawaza mbao, misumari, vishikio, watu sita wanaoinua mzigo wasioujua, na mahali ambapo sanduku lile lingeachia, mbele ya mji mzima.

"Shemeji," mkewe akasema. "Nipe simu."

"Nimeshamwambia, mama, usijisumbue."

"Nipe."

Akampa. Alisimama, akaivuta futi, ambayo ilikuwa shingoni kama siku ile ya kwanza, kana kwamba anataka kuishikilia, na akaongea kwa sauti ya kazini kwake, ile anayoitumia kwa wateja.

"Hujambo, fundi. Mimi ni mkewe. Futa hiyo aliyokupa. Kilo ni mia mbili na tisa. Ndiyo. Mia mbili na tisa. Mabega sentimita sabini na nne. Tumbo, kulizunguka, mia moja tisini na moja. Akilala analala pana kidogo zaidi, ongeza. Chini uweke mbao mbili, na vishikio viwe vinane, sio sita."

Shemeji walikuwa wameganda. Yule kaka alifungua mdomo. Nilimtazama, nikiwa tayari kumkosea adabu mtu mzima aliyefiwa. Lakini aliufunga. Akavua kofia yake, akakaa chini kwenye ngazi, palepale alipokuwa amesimama.

Simu ilikuwa inakwaruza. Yule fundi hakusikia vizuri, akaomba aanze tena tangu mwanzo. Mjane akamwambia sawa, achukue kalamu, akaanza tena.